Ruta iliyoungua na kanuni iliyoondoka nayo: kisa cha kompyuta ya nyumbani iliyogeuzwa ruta

Kisa hiki ni cha nyumba moja ya familia mjini Morogoro, ambayo intaneti yake huingia kwa faiba. Wanaoishi humo ni mwalimu mstaafu wa sekondari, binti yake ambaye ni mhasibu na hufanyia kazi zake nyingi nyumbani, na mjukuu aliyekuwa amemaliza kidato cha sita akijiandaa kuomba chuo. Ukutani sebuleni kulikuwa na visanduku viwili: kimoja kinapokea waya wa faiba na kutoa kebo ya kawaida ya mtandao, na cha pili ni ruta iliyoletwa na mtoa huduma, ambayo ndiyo iliyokuwa ikirusha Wi-Fi nyumba nzima. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi kisanduku cha faiba kiliwasha taa zake zote kama kawaida, lakini ruta ilikuwa imeungua na inatoa harufu. Ruta mbadala iliahidiwa, ila si ya siku hiyo wala ya kesho yake, na dirisha la maombi ya chuo lilikuwa limeshafunguliwa.

Mjukuu, ambaye ni kijana mwenye uwezo na kompyuta, aliamua kuigeuza kompyuta yake ya mezani kuwa ruta. Ilikuwa na Debian Linux, mfumo endeshi huria, na kadi moja ya mtandao. Alinunua kadi ya pili kwa fundi, akaichomeka, akaunganisha kadi moja na kisanduku cha faiba na nyingine na swichi ndogo ya mtandao, kile kisanduku cha kugawa kebo moja kwa vifaa kadhaa. Kwenye swichi hiyo alichomeka kifaa cha zamani cha Wi-Fi, akakizimia kazi zote isipokuwa kurusha mawimbi. Jina la mtumiaji na nywila za kuingilia kwenye mtandao wa mtoa huduma yalikuwa kwenye karatasi iliyoachwa na mafundi waliofunga faiba, na ni bahati kwamba bibi yake aliitunza. Karatasi hiyo ni muhimu kuliko watu wengi wanavyodhani, kwa sababu laini nyingi za faiba za majumbani hazifunguki kwa kuchomeka kebo tu. Kifaa cha mteja hutakiwa kujitambulisha kwa utaratibu uitwao PPPoE. Utaratibu huo ndio utakaobeba kisa chote, na nitaurudia kwa kirefu.

Kompyuta haiwi ruta kwa sababu tu ya kuwa na nyaya mbili. Data husafiri mtandaoni ikiwa imegawanywa katika vifurushi vidogo viitwavyo pakiti, kila kimoja kikiwa na anwani. Kiini cha Linux, yaani programu ya msingi inayoendesha mashine, kikipokea pakiti isiyoandikiwa anwani yake, huitupa, na hufanya hivyo kwa haki, maana kompyuta haina sababu ya kubeba mizigo ya wengine bila kuagizwa. Agizo lenyewe ni fupi: thamani ya net.ipv4.ip_forward inabadilishwa kutoka 0 kuwa 1, na kuandikwa kwenye faili la mipangilio ili isipotee mashine ikizimwa. Baada ya hapo kompyuta inakubali kupokea pakiti upande mmoja na kuitoa upande wa pili. Hata hivyo, agizo hilo peke yake halitoshi, kwa sababu anwani za ndani ya nyumba, zile zinazoanza na 192.168, ni miongoni mwa anwani zilizotengwa kwa matumizi ya ndani pekee katika waraka wa RFC 1918 wa Februari 1996 (RFC ni nyaraka zinazoeleza taratibu za intaneti), na pakiti inayotoka nje ikiwa nazo haiwezi kupata jibu.

Hapo ndipo panapoingia ubadilishaji wa anwani, ujulikanao kama NAT. Anayekumbuka jinsi kijiji kizima kilivyokuwa kikipokea barua kupitia sanduku la posta la shule ataelewa upesi: nje inajulikana anwani moja tu, na karani wa shule ndiye anayejua barua ipi ni ya nani. Kiini cha Linux hufanya kazi hiyo kwa kuangalia namba za poti, ambazo hutofautisha mazungumzo moja na mengine. Laptopu ya binti ikiomba ukurasa, kompyuta huifuta anwani ya laptopu kwenye pakiti, huweka anwani iliyopewa na mtoa huduma, huandika kwenye daftari lake kwamba mazungumzo haya ya poti hii ni ya laptopu, kisha huituma. Jibu likirudi, daftari linasomwa na pakiti inaelekezwa kwa mwenyewe. Daftari hilo ni la uvumilivu mkubwa. Mazungumzo ya TCP, utaratibu unaohakikisha kila kipande cha data kimefika, yakiwa yamekwisha kufunguka huweza kukaa humo kwa sekunde 432,000, yaani siku 5, hata kama pande zote mbili zimenyamaza.

Mengine yaliyobaki yalikuwa mepesi. Programu ya dnsmasq iligawa anwani kwa vifaa vya ndani na kujibu maswali ya majina ya tovuti, na faiwoli ilizuia wageni wa nje kufungua mazungumzo na mashine yoyote ya ndani. Kwa mtu asiye na Linux kuna njia nyingine: Windows ina kipengele cha kushirikisha intaneti tangu toleo la pili la Windows 98, la mwaka 1999, na katika matoleo ya sasa kipengele hicho huipa kompyuta anwani 192.168.137.1 na kugawa nyingine kwa vifaa vilivyo nyuma yake. Kazi ni ile ile, ila mwenye kompyuta haoni kinachoendelea ndani, na katika kisa kama hiki kuona ni nusu ya tiba.

Jioni ya siku hiyo simu zote zilikuwa na Wi-Fi. Jumbe za WhatsApp zilipita, video ziliangaliwa, Google ilitafuta. Kesho yake asubuhi binti alifungua tovuti ya benki kwenye laptopu yake. Ukurasa ulibaki mweupe, na duara la kusubiri likaendelea kuzunguka mpaka kivinjari kikakata tamaa. Akajaribu barua pepe za ofisi: maandishi mafupi yalikuja, kiambatisho cha mteja hakikuja. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alipotuma kiambatisho kikubwa, kilikwenda bila shida. Tovuti ya maombi ya chuo nayo iliganda kwenye laptopu hiyo. Mjukuu akakaa mbele ya kompyuta yake, akafungua benki ile ile, ikafunguka mara moja. “Mama mdogo, mbona hapa kwangu inafunguka?” Jibu alilopewa lilikuwa sahihi kuliko wote wawili walivyojua: “Kwako inafunguka, kwangu haifunguki, na benki ni moja.”

Kabla sijaitwa, mambo kadhaa yalikuwa yamejaribiwa, na yanastahili kutajwa kwa sababu ndiyo ambayo karibu kila nyumba huyajaribu. Seva ya majina ilibadilishwa. Hakuna kilichobadilika, na hakikuweza kubadilika, kwa kuwa kivinjari kilikuwa tayari kimeijua anwani ya benki na kuanza kuzungumza nayo. Wi-Fi ilishukiwa, laptopu ikachomekwa kwa kebo moja kwa moja kwenye swichi, hali ikabaki ile ile. Programu ya kuzuia virusi ilizimwa, ikawashwa tena. Mtoa huduma alipigiwa simu. Mhudumu akaomba kasi ipimwe kutoka kwenye kompyuta iliyounganishwa na kisanduku cha faiba, ikapimwa, na kasi yote iliyolipiwa ikaonekana. Mhudumu akasema laini ni nzima. Alisema kweli. Baadaye, benki ilipofunguka kwenye simu iliyotumia kifurushi cha data badala ya Wi-Fi, familia ikaamini kwamba faiba imeifungia benki, na imani hiyo ilikuwa na mantiki yake ingawa haikuwa na ukweli.

Niliposikiliza maelezo hayo, kilichonivutia zaidi ni mpangilio wa yaliyofaulu na yaliyoshindikana. Kompyuta yenyewe inafungua kila kitu, vifaa vilivyo nyuma yake havifungui baadhi. Mazungumzo yanaanza lakini hayaendelei. Kitu kidogo kinapita, kikubwa kinakwama. Kutuma kunawezekana, kupokea kunashindikana. Kosa la seva ya majina haliwezi kutoa picha hiyo, wala kosa la NAT, kwani NAT ikikosewa hakuna kinachopita kabisa. Picha hiyo ni ya ukubwa wa pakiti, na mtu aliyewahi kuiona mara moja huitambua haraka, ila asiyeiona anaweza kuhangaika nayo wiki nzima akibadilisha vitu visivyohusika.

Sasa tuingie kwenye vipimo vyenyewe. Kebo ya kawaida ya mtandao wa Ethernet hubeba mzigo usiozidi baiti 1,500 kwa mkupuo. Ndani ya baiti hizo, 20 ni za kichwa cha IP, yaani sehemu ya mwanzo ya pakiti yenye anwani, na 20 za kichwa cha TCP, hivyo data halisi inayobaki ni baiti 1,460. Kila kifaa kinapofungua mazungumzo ya TCP hutangaza kikomo hicho kwa mwenzake, kwa maana ya kumwambia: usinitumie kipande chenye data zaidi ya 1,460. Tangazo hilo huitwa MSS, na hutolewa mara moja tu, katika salamu za kwanza. Laptopu ya binti ilitangaza 1,460, kwa sababu ilijua kebo yake tu, ambayo kweli ina uwezo wa 1,500.

PPPoE, iliyoelezwa katika waraka wa RFC 2516 wa Februari 1999, hupitisha mazungumzo ya mteja na mtoa huduma ndani ya Ethernet kwa kuongeza vichwa vyake: baiti 6 za PPPoE na 2 za PPP. Jumla ni 8, na kwa kuwa kebo haikuongezwa uwezo, baiti hizo 8 zinatoka kwenye mzigo. Kinachobaki ni 1,492. Kompyuta ya mjukuu ilikuwa inalijua hilo, kwani njia yake ya kwenda nje, iitwayo ppp0, ilionyesha 1,492 waziwazi. Kwa hiyo yenyewe ilipozungumza na benki iliondoa 40 za vichwa vya IP na TCP, ikatangaza 1,452, na benki ikaleta vipande vinavyotosha. Laptopu haikuwa na njia ya kujua kwamba mbele ya kebo yake kuna sehemu nyembamba zaidi.

Inawezekana msomaji akauliza kwa nini tofauti ya baiti 8 ilete balaa, wakati IP tangu mwanzo iliruhusu pakiti kubwa kukatwa vipande njiani. Jibu liko kwenye waraka mwingine, RFC 1191 wa Novemba 1990, ulioandikwa na Jeffrey Mogul na Steve Deering. Kukata pakiti njiani kunazichosha ruta, na kipande kimoja kikipotea pakiti nzima inakuwa haifai. Waraka huo ulipendekeza utaratibu bora: mtumaji aweke kwenye pakiti alama ya kukataza isikatwe, na ruta yoyote ikiona pakiti haipiti, iitupe na kumrudishia mtumaji ujumbe mfupi wa ICMP, aina ya ujumbe wa kutoa taarifa za mtandao wenyewe, wenye maana ya “pakiti yako ni kubwa, njia yangu inabeba kiasi hiki.” Mtumaji hupunguza na kuendelea. Ni utaratibu mzuri, na kompyuta karibu zote hutuma TCP kwa namna hiyo hadi leo. Unategemea sharti moja tu, kwamba ujumbe wa ICMP umfikie mtumaji.

Sharti hilo ndilo linalovunjwa kila siku. Wasimamizi wengi wa seva huzuia ICMP yote kwenye faiwoli zao, kwa hofu ya wavamizi, na pamoja na maombi ya ping, yale ya kuuliza kama mashine ipo, huzuia pia ujumbe ambao bila huo seva yao haiwezi kujua kwamba pakiti zake zinatupwa. Tatizo hili lilishaandikwa rasmi katika RFC 2923 ya Septemba 2000, na bado linaendelea. Naliona kuwa ni uzembe unaoumiza watu wasio na namna ya kujitetea: mteja wa benki aliyeko Morogoro hawezi kumpigia simu msimamizi wa seva asiyemjua na kumwomba afungue aina moja ya ujumbe.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa yakienda. Laptopu ilituma salamu, ikitangaza 1,460. Pakiti za salamu ni ndogo, zikapita. Laptopu ikatuma ombi lake. Nalo ni dogo, likapita. Benki ikaanza kujibu kwa kuleta cheti cha usalama, ambacho kwa kawaida huwa na maelfu ya baiti, kwa pakiti zilizojaa 1,500. Zilipofika kwenye mtambo wa mtoa huduma, pale PPPoE inapoanzia upande wa pili, zilikuwa kubwa kuliko 1,492 na zina alama ya kukataza kukatwa. Zikatupwa. Ujumbe wa ICMP ukatumwa kwa benki, ukaishia kwenye faiwoli ya benki. Benki ikangoja, ikatuma tena pakiti zile zile kwa ukubwa ule ule, zikatupwa tena. Ndiyo maana ukurasa ulibaki mweupe tangu mwanzo: mazungumzo ya siri hayakuwahi kukamilika hata kabla ya herufi moja ya ukurasa kutumwa.

Nilithibitisha kwa njia mbili. Ya kwanza ni ping, ila si ping ya kawaida. Ping ya kawaida hubeba baiti 56 kwenye Linux na 32 kwenye Windows, na mzigo mdogo kiasi hicho hupita popote, jambo linalowafanya wengi waseme laini ni nzima na kuishia hapo. Kwenye laptopu, yenye Windows, niliandika ping -f -l 1472 na anwani ya nje. Namba 1,472 ukijumlisha 8 za kichwa cha ICMP na 20 za IP inatoa 1,500 kamili, na -f inakataza kukatwa. Jibu lilitoka kwa kompyuta ya mjukuu yenyewe, likisema pakiti inahitaji kukatwa. Nilipopunguza hadi 1,464, ambayo inatoa 1,492, ikapita. Jaribio hili linaeleza pia kwa nini kutuma viambatisho kulifaulu: katika upande wa kutoka, sehemu nyembamba ilikuwa ndani ya nyumba, ruta ilikuwa mashine ya mjukuu, na mjukuu hakuzuia ICMP. Laptopu ikaambiwa, ikapunguza. Kwa hilo kijana anastahili sifa, maana kanuni za faiwoli zinazosambazwa mitandaoni mara nyingi huifunga ICMP yote, na angezinakili zilivyo, kutuma nako kungekufa.

Njia ya pili ni kuzitazama pakiti zikipita, kwa tcpdump, programu ya kunasa na kuonyesha pakiti, kwenye ppp0, wakati binti anafungua benki. Hili ni jambo ninalomshauri kila fundi alizoee, kwa sababu mabishano yote hukomea hapo. Salamu ilionekana ikitoka na mss 1460. Salamu ya benki ikarudi. Ombi likatoka, benki ikathibitisha kulipokea. Kisha badala ya mfululizo wa pakiti zilizojaa ikaja pakiti moja fupi, na laptopu ikajibu kwa namna ya pekee: ilisema bado inasubiri baiti ya kwanza ya jibu, lakini tayari inacho kipande cha mwisho. Chukua mfano wa jibu la baiti 3,000. Linagawanywa kuwa 1,460, 1,460 na mkia wa 80. Vipande viwili vya mwanzo, vikiongezwa vichwa, vinafika 1,500 na kutupwa. Mkia unafika 120 na kupita. Laptopu ilikuwa imeshika mkia wa jibu ambalo mwili wake hautafika kamwe.

Kwa nini Google na video hazikuathirika? Sehemu ya maelezo ni kwamba seva za kampuni kubwa huwa zimepangwa kwa uangalifu zaidi. Nyingine zinapokea ICMP, nyingine hujiwekea kikomo kidogo kuliko kinachotangazwa na mteja. Sehemu ya pili ni kwamba vivinjari vya siku hizi huzungumza na tovuti nyingi kubwa kwa QUIC, iliyorasimishwa katika RFC 9000 ya Mei 2021, ambayo haitumii TCP kabisa. Pakiti zake za mwanzo huhitaji njia yenye uwezo wa baiti 1,200 tu, na haziongezwi ukubwa bila njia kupimwa. Hili ni jambo jema, lakini katika utambuzi wa tatizo limeleta ugumu mpya. Zamani laini yenye kasoro hii ililalamikiwa siku ya kwanza. Leo nyumba inaweza kukaa siku kadhaa ikiangalia video na kuamini kila kitu ni kizima, hadi siku mtu anapotaka kulipa ada.

Tiba zilikuwa kadhaa. Ya kwanza ni kupunguza ukubwa wa pakiti kwenye kila kifaa cha ndani hadi 1,492. Inafanya kazi, lakini inataka kugusa kila simu na kila laptopu, na simu nyingi hazimpi mtumiaji mahali pa kubadilisha. Seva inayogawa anwani inaweza kuvitangazia vifaa kikomo hicho, ila si vifaa vyote hutii. Windows, kwa mfano, haitii. Ya pili ni kupanua njia yenyewe: RFC 4638 ya mwaka 2006 inaruhusu PPPoE kubeba 1,500 kamili endapo pande zote mbili na vifaa vya katikati vitakubali pakiti kubwa kidogo. Hiyo ingekuwa tiba safi kuliko zote, lakini inahitaji uamuzi wa mtoa huduma, na familia ilikuwa na haraka.

Ya tatu, niliyoichagua, ni kuiamuru ruta irekebishe tangazo lenyewe. Salamu ya TCP inapopita kuelekea nje, kompyuta huifungua, huona mss 1460, huifuta na kuandika 1452, kisha huipitisha. Seva ya mbali hupokea tangazo hilo ikidhani limetoka kwa laptopu, na tangu hapo haileti kipande kisichotosha. Salamu ya jibu inaporudi hurekebishwa vivyo hivyo. Kwa nftables, programu ya kanuni za faiwoli ambayo ndiyo iliyo kwenye Debian za sasa, ni mstari mmoja kwenye mnyororo wa forward: tcp flags syn tcp option maxseg size set rt mtu. Kwenye mashine zinazotumia iptables, programu iliyoitangulia, kazi hiyo hufanywa na TCPMSS pamoja na clamp-mss-to-pmtu. Sikuandika 1,452 kwa mkono, kwa sababu kanuni hiyo inasoma uwezo wa njia yenyewe, na mtoa huduma akibadilisha utaratibu kesho hakutakuwa na namba ya zamani iliyosahaulika ndani ya faili. Kasoro yake ni kwamba inatibu TCP peke yake. Katika nyumba hii hilo lilitosha.

Tulirudia kutazama ppp0. Salamu ilitoka na mss 1452, vyeti vya benki vikaingia kwa pakiti za 1,492, na ukurasa ukafunguka. Maombi ya chuo yalijazwa siku hiyo hiyo.

Swali la mwalimu mstaafu lilikuwa zuri kuliko yote yaliyoulizwa: ikiwa laini hii siku zote ni nyembamba, mbona zamani benki ilikuwa inafunguka? Ilikuwa inafunguka kwa sababu ruta iliyoungua ilikuwa ikirekebisha tangazo hilo kila siku bila kumwambia mtu. Ruta za dukani zinazotengenezwa kwa ajili ya PPPoE huja na kanuni hiyo tayari, na hata OpenWrt, mfumo huria wa ruta, huiwasha upande wa nje bila kuombwa. Mtu anayechukua kompyuta na kuifanya ruta kwa kufuata maelekezo ya kawaida ya kuruhusu upitishaji, kuwasha NAT na kugawa anwani huwa amejenga ruta halali isiyo na kasoro hata moja katika alichokifanya, na bado imekosa kazi moja ambayo hakuna aliyemtajia. Ikifika hapo, kila kipimo anachofanya akiwa amekaa mbele ya mashine hiyo humpa jibu zuri, kwa kuwa mashine hiyo inajua upana wa njia yake na wengine hawaujui. Kipimo chenye maana ni kile kinachofanywa kutoka kwenye kifaa kilicho nyuma yake, kwa pakiti iliyojaa.

Yapo mambo madogo yaliyorekebishwa siku hiyo pia. Kompyuta ilikuwa imepangwa kulala baada ya muda bila kuguswa, nayo ikilala nyumba nzima inakosa intaneti, hivyo usingizi ulifutwa. Ilikuwa na huduma ya kushirikisha mafaili na printa iliyosikiliza kwenye kadi zote, pamoja na ile ya nje. Ilifungwa isikilize upande wa ndani pekee, jambo ambalo ni la lazima kwa yeyote anayeigeuza kompyuta ya matumizi ya kila siku kuwa mlango wa nyumba.

Kilichoamua hatima ya mpango huu ni LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia. Kompyuta hiyo, ikiwa haina kazi nyingine zaidi ya kupitisha pakiti, ilikuwa inakula takriban wati 60. Kwa saa 24 ni yuniti 1.44, na kwa siku 30 ni yuniti 43. Nyumba ilikuwa kwenye kundi la D1 la watumiaji wadogo, lenye kikomo cha wastani wa yuniti 75 kwa mwezi, na anayevuka kikomo hicho hupandishwa kundi ambalo bei ya kila yuniti ni kubwa zaidi. Ruta ndogo ya wati 8 hutumia chini ya yuniti 6 kwa mwezi mzima. Kwa hiyo kompyuta ingekula zaidi ya nusu ya kikomo cha nyumba peke yake, na ingewaka usiku kucha kwa ajili ya kazi ambayo kisanduku kidogo kinaiweza. Ninaipenda kompyuta kama ruta kwa anayetaka kujifunza, kwa ofisi inayohitaji kudhibiti mambo mengi, na kwa dharura kama hii. Kwa nyumba ya watu watatu yenye LUKU ya kubana, sikuweza kuwashauri waendelee nayo.

Ruta mbadala ilipoletwa, mjukuu hakuridhika na kuona taa tu. Aliichomeka pamoja na kifaa cha kuzuia umeme unaorudi kwa nguvu, akaiwekea jina la mtumiaji na nywila zilizo kwenye karatasi, kisha akanasa pakiti kwenye kompyuta yake ambayo sasa ilikuwa ndani ya mtandao kama vifaa vingine. Salamu za jibu kutoka kwa seva za nje zilikuwa zinaingia na mss 1452. Faili la kanuni za nftables alilihifadhi kwenye flashi, na kadi ya pili ya mtandao ameiacha ndani ya kompyuta, tayari kwa siku ruta itakapoungua tena.